Yeye Aliye Ndani ya Masale

Kila mwaka, Februari inapokaribia kwisha au Machi inapoanza, wakimbiaji hukusanyika alfajiri katika Uwanja wa Ushirika, Moshi, kwa mbio za Kilimanjaro Marathon zilizoasisiwa mwaka 2003. Njia huwapandisha kuelekea Mweka, baina ya migomba na mibuni, kisha huwarejesha mjini wakiwa hoi. Mwishowe hutangazwa orodha mbili, ya wanaume na ya wanawake, na haonekani mtu wa kuuliza kwa nini zisiwe moja au tatu.

Barabara hiyo hukata katikati ya vihamba. Kihamba si shamba tu. Ndani yake mna nyumba, migomba, kahawa, zizi na makaburi ya waliotangulia, na mpaka wake hushikwa na masale, mmea ule wa majani marefu ambao Mchagga huutumia pia kuombea msamaha. Kwa mila, hurithi wana wa kiume: wa kwanza hutangulizwa, na kitinda mimba hubaki na nyumba ya wazazi. Binti huolewa, akaenda kuishi ndani ya masale ya wengine. Bruno Gutmann, mmisionari wa Kijerumani aliyekaa Old Moshi miaka mingi, aliyaandika mambo haya katika kitabu chake kikubwa cha sheria za Wachagga kilichochapwa mwaka 1926. Sally Falk Moore naye, katika kitabu chake cha 1986, akaonyesha jinsi mila iitwayo ya kale ilivyofinyangwa upya na kahawa, na utawala, na uhaba wa ardhi. Mengi yamegeuka mlimani. Swali la kwanza halikugeuka: aliyezaliwa ni wa kiume au wa kike?

Na ajabu ni kwamba lugha za hapo hazina haja na swali hilo. Kichagga, kama Kiswahili na ndugu zao wa Kibantu, hakina kiwakilishi kimoja cha mume na kingine cha mke. Amekuja, amelima, amezikwa: msikilizaji hapati humo habari ya maumbile ya mtu. Mtarjumi wa mashairi ya Kizungu anaijua neema hii na taabu yake. Neema, kwa kuwa mpenzi asemwaye katika shairi aweza kubaki yeye tu, na kila msomaji akamvisha sura aitakayo. Taabu, kwa kuwa wawili wakikutana katika ubeti mmoja, ni nani aliyelia na ni nani aliyeondoka?

Walakini lugha isisifiwe kupita kiasi. Watu wa pwani wanaoita mkono wa kulia mkono wa kuume wamekwisha kusema jambo, hata kama hawakukusudia.

Sheria za Tanzania ziliandikwa kwa Kiingereza, na hata majina ya kesi yalibeba alama. Mwaka 1990, katika Mahakama Kuu Mwanza, Jaji Mwalusanya aliamua shauri la Bernardo mwana wa Ephrahim na Holaria binti Pastory. Holaria, mwanamke wa Kihaya, alirithi ardhi ya ukoo kwa wasia wa babaye, akaiuza kwa mtu asiye wa ukoo. Mpwawe akadai kwamba mwanamke hana mamlaka hayo. Jaji akasema anayo, sawa na mwanamume. Miaka tisa baadaye, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ikatamka katika kifungu cha 20 kwamba mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki, kukalia au kutumia ardhi ni batili. Maneno hayo yamekwisha kufika Kilimanjaro. Baina ya kufika na kuingia ndani ya masale, hata hivyo, pana mwendo, na binti anayeshitaki kaka zake hupoteza mengi hata anaposhinda.

Ndiyo maana mbio zina uzito zaidi ya medali. Kwa msichana wa Afrika Mashariki asiyetazamia urithi, fedha ya ushindi yaweza kuwa kiwanja chenye jina lake mwenyewe. Fungu la wanawake michezoni ni kama kihamba alichokatiwa yeye, ambacho kaka hawezi kukiingia. Basi anayelinda mpaka wake asidhaniwe kuwa na roho mbaya. Mwanamke aliyefunga mazoezi miaka kumi ana haki ya kujua ni nani anayeshindana naye.

Lakini ni nani aliye ndani? Mwaka 2016, mjini Rio de Janeiro, mita 800 za wanawake zilikwisha kwa Caster Semenya wa Afrika Kusini wa kwanza, Francine Niyonsaba wa Burundi wa pili, na Margaret Wambui wa Kenya wa tatu. Wote watatu walizaliwa, wakalelewa na wakaitwa wasichana. Na kanuni za homoni zilizofuata ziliwagusa wote watatu. Mwaka 2019 Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo ilikiri kwamba kanuni hizo ni za kibaguzi, ikazikubali hata hivyo kuwa za lazima na za kiasi. Niyonsaba akahamia masafa marefu ambayo hayakuguswa, akawa wa tano katika mita 10,000 za Olimpiki ya Tokyo iliyofanyika 2021, na Septemba ya mwaka huohuo akavunja rekodi ya dunia ya mita 2,000 mjini Zagreb. Machi 2023 kanuni zikapanuliwa mpaka masafa yote.

Wanahabari wa Kiswahili waliotafsiri habari hizo walikuwa na fundo lao. Kiwakilishi hakikuwasumbua: mwandishi wa Kiingereza hamalizi sentensi yake ya kwanza bila kushika upande, ilhali wao waliandika alikimbia, alishinda, alizuiwa, wakalala usingizi. Nomino ndiyo iliyowakamata. Wataalamu hutenga jinsi, yaani maumbile, na jinsia, yaani nafasi mtu anayopewa na jamii. Magazeti huyachanganya yote mawili katika jinsia. Mtu aliyezaliwa na maumbile yasiyo ya wazi akaandikwa mara mwenye jinsia mbili, mara jinsia tata, mara, kwa makosa makubwa, aliyebadili jinsia, kana kwamba kuzaliwa na kubadili ni jambo moja.

Na hali pwani wana neno la karne nyingi: huntha. Wanafunzi wa fiqhi ya Kishafii hulikuta katika mlango wa mirathi. Huntha ambaye hali yake ni ya shaka hatupwi nje ya urithi, wala halazimishwi kuwa hiki au kile siku ya matanga. Yeye na warithi wenzake hupewa kile chenye yakini, na sehemu yenye shaka huwekwa mpaka jambo lidhihiri au wapatane. Si suluhisho la kila kitu, wala wanazuoni hao hawakuwa wakifikiria uwanja wa riadha. Lakini shaka yao waliiweka katika mali, si katika mwili wa mtu.

Annet Negesa wa Uganda hakupata bahati hiyo. Mwaka 2012, michezo ya London ikikaribia, aliondolewa kwa ajili ya homoni zake. Mwaka huohuo akapasuliwa mjini Kampala, na kasi yake haikurejea. Alipoyasimulia hadharani mwaka 2019, chama cha riadha cha dunia kilikana kuhusika.

Septemba 2025, mjini Tokyo, Alphonce Simbu aliipa Tanzania dhahabu yake ya kwanza ya mashindano ya dunia ya riadha, akimtangulia Mjerumani Amanal Petros kwa sekunde 0.03 katika marathoni. Hakuna aliyemtaka athibitishe kuwa ni mwanamume. Wanawake walioshindana mjini humo walitakiwa kwanza kutoa ute wa shavu au damu, itafutwe jeni moja.

Nairobi, mtoto mmoja aliyezaliwa mwaka 2009 aliandikiwa hospitalini, mahali pa jinsi, alama ya kuuliza. Mamaye alikwenda mahakamani, na Desemba 2014 Jaji Isaac Lenaola aliiagiza serikali iwahesabu watoto kama huyo na kuwawekea utaratibu. Sensa ya Kenya ya 2019 ikahesabu huntha 1,524, na Sheria ya Watoto ya 2022 ikawatambua. Wambui naye, mwaka 2021, aliomba riadha ianzishe fungu la tatu, ili wanaojificha wapate pa kukimbilia. Fungu hilo halijaanzishwa.