Umemwuliza?

Mwaka jana tulimpelekea unga na mafuta mama mmoja mzee hapa Kisumu Ndogo. Alishukuru, kisha akasema, "Pasta, njaa nimeizoea. Kinachoninyima usingizi ni kuitwa mchawi kwa ajili ya mvi zangu." Hatukuwa tumemwuliza. Nilitubu.

Hapa Kilifi wazee wameuawa kwa tuhuma hizo. Wengine walikimbilia Kaya Godoma, Ganze. Katiba ya 2010, Kifungu cha 57, inampa mzee haki ya kushiriki, kuheshimiwa na kutunzwa. Na Yesu, ingawa upofu wa Bartimayo ulionekana, alimwuliza kwanza anataka afanyiwe nini (Marko 10).

Wiki hii mtembelee mzee mmoja. Kaa, uliza, sikiliza. Jumapili tuletee alichosema, ndipo tupange pamoja naye. Amina.