Barabara Ikifungwa, Ziwa Linajaa

Bunagana ni mji wa malori. Upo mpakani kabisa, Kisoro ya Uganda ikianzia ng'ambo ya kizuizi cha forodha, na volkeno za Sabinyo, Gahinga na Muhabura zikiutazama kwa juu. Mtoto anayekulia pale hutofautisha Fuso ya simenti na Fuso ya sabuni kwa mlio wake tu inapopanda mlima. Ziwa halijui. Maji anayoyajua ni ya mvua na ya bidoni.

Ndiyo maana wavuvi wa Goma walicheka walipomwona mfanyabiashara wa Bunagana, mtu mzima mwenye mvi za kwanza kichwani, akinunua boti la mbao pale bandari ya Kituku na kutangaza kwamba ataliendesha peke yake. Wakamwita mtu wa mlima. Jina hilo analo hadi leo, ingawa wengi wanaolitumia hawajui lilikotoka.

Hakuja ziwani kwa kupenda. Tarehe 6 Julai 2012 waasi wa M23 waliiteka Bunagana, na tarehe 20 Novemba mwaka huohuo wakaingia Goma. Mji wake ulipotekwa yeye alikuwa Goma akifuata madeni. Duka likabaki upande mmoja wa vita. Shehena yake ya chumvi, sabuni na mabeseni ya plastiki ikabaki upande mwingine, katika chumba cha kupanga karibu na soko la Virunga. Barabara ya Rutshuru, ya kurudi kwao Bunagana, iliyomlisha maisha yake yote, ilikuwa ya askari. Mbele yake kulikuwa na Ziwa Kivu, na ndani ya ziwa kisiwa cha Idjwi chenye watu wengi, mananasi na kahawa tele, na haja ya chumvi isiyokwisha. Hesabu ilikuwa rahisi.

Boti halikuwa rahisi. Lilikuwa na moteri ndogo ya mtumba, kasia moja, na kalafati iliyochoka: pamba kati ya mbao ilikuwa ikitoka vipande, na maji yakiingia taratibu bila kukoma. Kukaa peke yake chomboni kulimaanisha mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye kopo la kutekea maji. Angemwajiri kijana wa kumsaidia, lakini faida ya magunia machache ya chumvi haikutosha kulisha watu wawili.

Ziwa lenyewe lina tabia zake. Liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, kina chake kinapita mita 450, na kutoka Goma hadi Bukavu ni karibu kilomita 100 za maji. Kuanzia Juni hadi Agosti upepo wa kusini-mashariki huvuma kwa urefu wote wa ziwa na kusukuma mawimbi upande wa Goma. Msimu wa mvua unaleta dhoruba za ghafla: wingu linashuka kutoka milimani, na boti lililokuwa likiteleza linaanza kupigwa ubavuni kabla nahodha hajafunga mzigo.

Mkasa wake wa kwanza, hata hivyo, ulianzia nchi kavu. Esansi aliinunua kwa kadafi, mmoja wa wale vijana wanaouza mafuta kwa chupa na bidoni kando ya barabara, na ya siku hiyo ilikuwa imeongezewa maji. Moteri ikakohoa, ikazima, Goma ikiwa bado inaonekana nyuma na Idjwi ikiwa mstari wa kijani mbele. Alikuwa na turubai la kufunikia chumvi. Akalisimamisha kasia katikati ya magunia, akalifanya mlingoti, akafunga turubai juu yake. Tanga alikuwa ameliona kwenye picha tu, za majahazi ya Lamu na Zanzibar. Watu wa Kivu hupiga makasia au huwasha moteri.

Turubai lilijaa upepo na boti likaenda. Tatizo ni kwamba lilienda kaskazini. Chombo chenye tumbo bapa, kisicho na mkuku wa kushika maji, hakiwezi kukata upepo, kinafuata unakovuma. Idjwi ilikuwa kusini, na upepo ulitoka hukohuko. Jioni akafika ufukweni karibu na alikoondokea, na mzigo wote kama ulivyokuwa. Mama mmoja muuza samaki akamuuliza, "Papa, Idjwi wamefunga?"

Mkasa wa pili nusura uwe wa mwisho. Mawimbi yalimkataza kuingia bandarini, akageukia magharibi ya mji, upande wa Bulengo, akavuta boti juu ya mawe ya lava. Palikuwa na bonde dogo lililokingwa na upepo. Akachuchumaa awashe moto apashe chakula. Kijiti cha kwanza cha kiberiti kikazima. Cha pili pia, na hapakuwa na upepo wala unyevu. Kichwa kikaanza kuwa kizito. Mzee mmoja mvuvi, aliyekuwa akipita na nyavu begani, hakumsalimu hata kidogo; alimkamata mkono akamburuta hadi juu ya mwamba, kisha ndipo akamweleza. Lile lilikuwa mazuku. Hewa ya kaboni inayotoka ardhini chini ya volkeno ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hivyo hujikusanya mabondeni na kutulia huko bila rangi. Mbuzi na mbwa hufia humo, na watu pia, hasa wanaolala chini. Mtu wa Bunagana anazijua volkeno kwa macho. Hii ya kuvizia kwenye shimo hakuwahi kuambiwa.

Tangu siku hiyo akaanza kusikiliza wazee wa Kituku, na wao wakaacha kumcheka. Walimfundisha kusafiri alfajiri kiangazi, kabla upepo haujapata nguvu. Walimfundisha ghuba ya Kabuno, ule mkono wa ziwa ulio karibu na Sake, ambao lava ya zamani iliubakizia mlango mwembamba na wenye kina kidogo: ukiupata mlango, umepona dhoruba, ukiukosa usiku, unagonga miamba. Walimfundisha pia kutoamini taa.

Taa ni za wavuvi wa sambaza. Samaki huyo si mwenyeji wa Kivu. Aliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwaka 1959, wakati wa utawala wa Wabelgiji, na leo ndiye mboga ya nyumba nyingi za Goma na Bukavu. Huvuliwa usiku usio na mwezi, kwa mitumbwi mitatu iliyounganishwa kwa miti mirefu ya mikaratusi, taa zikiwavuta samaki juu ya wavu. Ukiwa mbali, safu ya taa hizo inafanana na mtaa wa mji. Usiku mmoja mtu wa mlima aliifuata akidhani ni Goma, na moteri yake ikauma wavu. Wavuvi, waliokuwa wakiimba, wakanyamaza. Mazungumzo yaliyofuata yaligharimu gunia la chumvi, na mapambazuko yakawakuta wote wakikata nyuzi kwenye panga la moteri.

Safari zile za upweke anazikumbuka kwa kicheko kilichochanganyika na fahari. Lakini akiulizwa ziwa limebadilika vipi, hataji dhoruba. Anataja barabara. Kalenda yake yote imepangwa hivyo: barabara gani ilikuwa wazi, ipi ilifungwa, na watu wangapi wakaingia majini.

Hata kabla yake hali ilikuwa hiyo. Katika miaka ya vita, kahawa ya Idjwi na Kalehe ilikosa njia ya kufika sokoni, na wakulima wakawa wanavuka usiku hadi Rwanda, mitumbwi ikiwa imezama hadi ukingoni, ili wabadilishe magunia kwa sabuni na chumvi. Wengi hawakurudi. Ushirika wa kahawa wa SOPACDI, ulioanzishwa mwaka 2003 upande wa Minova, kwenye ufuko wa magharibi wa ziwa, ulipowakusanya wakulima tena, miongoni mwa wanachama wake walikuwamo wajane wa safari hizo.

Katikati ya Aprili 2019 boti moja lilizama upande wa Kalehe na watu zaidi ya 100 wakatoweka. Rais Félix Tshisekedi, aliyekuwa na miezi michache tu madarakani, akaamuru kila abiria wa ziwa avae jile ya kuokolea. Bandarini jile zikawa biashara mara moja: za kuuza, za kukodi, nyingine zimechanika na kutoa sponji. Abiria waliivaa mbele ya mkaguzi, boti likiondoka wakaivua na kuikalia. Mtu wa mlima alinunua mbili, yake na ya abiria wa dharura, ingawa wakati huo bado alikuwa hachukui abiria.

Alianza kuwachukua Mei 2021. Usiku wa tarehe 22 Nyiragongo ililipuka, na lava ikaikata barabara ya Rutshuru, ileile ya kwao. Alfajiri ya tarehe 27 serikali ikaamuru mitaa kumi ya Goma ihame mara moja, kwa kuwa matetemeko yalionyesha kwamba magma imefika chini ya mji na chini ya ziwa. Hofu ya ziwa ilikuwa na msingi. Kivu imebeba gesi kwenye kina chake, methani na hewa ya kaboni kwa wingi wa ajabu, na kila aliyesoma habari za Ziwa Nyos la Kamerun alikumbuka Agosti 1986, gesi ilipofumka na kuua watu wapatao 1,700 kwa usiku mmoja. Hata hivyo maelfu walikimbilia ziwa hilohilo linaloogopwa, kwa sababu barabara ya Sake ilikuwa imeziba kwa magari na watu wa miguu. Boti lililozoea chumvi likabeba bibi, magodoro na watoto hadi upande wa Minova. Hakuwatoza waliokosa pesa. Waliokuwa nazo walilipa bila kuuliza bei.

Mwezi uleule, Uganda na Kongo zilikuwa zimetia saini mpango wa kutengeneza barabara, zikiwamo kilomita 89 za kutoka Bunagana hadi Goma. Akapiga hesabu ya kuuza boti. Tarehe 13 Juni 2022 M23 wakaiteka Bunagana kwa mara nyingine, na boti likabaki.

Kisha ikaja Februari 2024. Vita vya M23 vilifika mji wa Sake, barabara ya Goma kwenda Minova ikafungwa, na Minova ndiyo jikoni kwa Goma: maharagwe, mihogo, kabichi, vitunguu. Vyote vikahamia majini pamoja na wenyewe. Kituku, ambako zamani aliweza kugeuza boti bila kugusa la jirani, pakawa pa kusukumana. Chukudu, zile skuta za mbao za kubebea mizigo, zilishusha magunia mchana kutwa. Maboti ya mizigo yakabeba watu, na ya watu yakabeba mizigo. Tarehe 3 Oktoba 2024, boti la MV Merdi likitoka Minova lilipinduka mita chache kabla ya kufunga kamba Kituku, watu wa nchi kavu wakitazama. Walikufa makumi. Hakukuwa na dhoruba. Mtu wa mlima alikuwa Idjwi; habari ilimfikia kwa simu, mtu mmoja baada ya mwingine akipiga kuuliza kama ni boti lake.

Goma ilipotekwa na M23 mwishoni mwa Januari 2025, uwanja wa ndege ukafungwa na safari za ziwani zikasimama kwa muda. Zilipoanza tena, alipaka mstari mweupe ubavuni mwa boti. Maji yakifika kwenye mstari, hapakii kitu tena.

Mstari huo unamgharimu wateja. Mama mmoja wa maharagwe, wa siku nyingi, alimletea magunia; la mwisho likakataliwa.

"Papa, moja tu. Utaliacha hapa lioze?"

"Litakuja kesho, mama."

"Kesho bei itakuwa imeanguka."

Akayashusha yote, akayapakia kwenye boti la jirani, lililokuwa limejaa hadi watu wamekaa juu ya mizigo. Lilifika Goma salama, saa nzima kabla ya mtu wa mlima. Wiki iliyofuata mama huyo alirudi, akamweleza kwa sauti kubwa mbele ya wenzake jinsi alivyouza vizuri, kisha akauliza kama safari hii atapunguziwa nauli. Alipunguziwa. Gunia la mwisho likabaki tena ufukweni.