Ukurasa wa Shukrani

Mjukuu wangu mpenzi,

Baba yako ameniambia kuwa umepata nafasi ya kusomea uzamivu, na kwamba posa yako imekubaliwa. Nimemshukuru Mungu kwa yote mawili. Hali yangu unaijua, sina haja ya kuieleza. Naandika sasa kwa kuwa mkono bado unashika kalamu, na maneno haya nataka yakufikie kutoka kwangu mwenyewe, si kwa kusimuliwa.

Katika miaka yangu ya kufundisha nimesoma tasnifu nyingi, na desturi yangu ilikuwa kuanza na ukurasa wa shukrani kabla ya sura ya kwanza. Mwandishi humshukuru msimamizi, kisha idara, kisha mfadhili, kisha wenzake wa maktaba. Chini kabisa huja mke, kwa uvumilivu wake. Basi. Mara nyingi huyo mke nilikuwa namjua. Nilijua kuwa ndiye aliyelipa kodi ya nyumba kwa mshahara wa ualimu, na ndiye aliyekesha na mtoto mwenye homa ili mwenzake amalize sura. Wengine walikuwa na masomo yao wenyewe waliyoyaacha njiani wasiyarudie tena. Hilo limenikera umri wangu wote, na ndilo ninalokuusia.

Unajua kuwa nilisomesha Utendi wa Mwana Kupona. Mama yule, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, aliutunga mwaka 1858 akiwa mgonjwa, ili amwachie binti yake. Darasa langu halikuacha kugawanyika juu yake. Wapo waliosema ni kumfunga mke kamba miguuni. Wapo walioona akili ya mama anayemfundisha mwanawe kuishi kwa amani katika nyumba ya watu. Mimi niko karibu zaidi na hawa wa pili. Lakini binti aliusiwa, mkwe je? Nani alimkalisha kitako kijana yule akamweleza naye namna ya kumstarehesha mwenzake? Kwa hiyo mimi nakuusia wewe, mwanamume.

Mchumba wako naye anasoma. Kabla ya nikaha, kaeni mpange nani atatangulia kumaliza na nani atafuata, nani atakaa na mtoto, fedha ya nyumba itatoka wapi, na zamu itabadilika lini. Muiandike tarehe hiyo. Usiseme “tutaona”, maana nimeona nyumba nyingi, na katika “tutaona” anayebaki nyuma ni mke. Akija kuandika tasnifu yake, wewe ndiye uwe unaamka usiku.

Kupika najua utapika, kwani nimekufundisha mwenyewe. Binamu zako walikucheka ulipokuwa unakaa nami jikoni ukipalia makaa juu ya kifuniko cha sufuria, nawe hukuondoka. Nilifurahi siku zile kuliko ulivyojua. Mama yangu alitusomesha kwa mkate wa kumimina. Alilowesha mchele usiku kucha, akausaga na tui zito, akatia iliki, sukari na hamira, akaacha uumuke. Viatu vyangu vya skuli vilitoka mle, na daftari, na nauli.

Nataka ukumbuke jambo moja la mkate ule. Mchele hauna gluteni iliyomo katika ngano, ile inayovutika na kuizuia hewa ya hamira ndani ya donge. Uji wa mchele ukishaumuka, hewa yake haikai sana. Ukichelewa unashuka, na mkate unatoka mzito kama tofali. Kwa hiyo ni lazima mtu awepo. Awepo kuutazama unapopanda, sufuria na mafuta yake viwe vimeshapata moto, aumimine saa ile ile, apunguze moto wa chini usije ukaungua kitako, kisha apalie makaa ya juu wakati wake. Siku hizi kuna blenda na jiko la oveni, na mkono umepumzika kusaga, lakini kukaa pale kuko vile vile. Muda huo wa kukaa ndio ambao mtu mwingine huupata akasoma kitabu. Nilipokuwa nimeinama juu ya vitabu vyangu, mama yangu alikuwa ameinama juu ya jiko. Mwanachuo asiyewahi kukaa zamu hiyo hajui elimu yake inagharimu nini, hata kama anaandika juu ya uchumi wa kaya.

Na si nyumbani tu. Enzi zetu tasnifu zilipigwa taipu kwenye mashine, na karatasi za kaboni katikati ili zipatikane nakala. Kwa kosa moja ukurasa mzima ulirudiwa. Mabinti waliopiga taipu zile waliijua sarufi yetu kuliko baadhi yetu. Leo wewe utakwenda vijijini na kinasa sauti, na mama fulani ataacha kupeta mchele wake akupe jioni nzima ya maneno. Mwulize kama anataka jina lake liandikwe. Akitaka, liandike mwanzoni. Utafiti ukimalizika mrudie umsomee ulichoandika, kwa lugha anayoielewa, na umsikilize akikusahihisha.

Katika chuo utapimwa kila siku, na watu wazuri wataanza kupimana wao kwa wao hata mezani. Uwe na marafiki wasiojua umechapisha makala ngapi. Ndugu zako usiwasalimie kwa kuwatumia fedha tu. Piga simu siku ambayo huna shida yoyote.

Sasa mali. Sheria yetu inaniruhusu kuusia hadi theluthi kwa asiyenirithi, na wewe, maadamu baba yako yu hai, hunirithi. Basi sufuria ile nzito ya mkate na kifuniko chake ni yako. Kamusi ya Kiswahili Sanifu, toleo la kwanza la mwaka 1981, ni ya mchumba wako. Pembezoni nimeandika maneno ya jikoni niliyoyapata kwa mama yangu na majirani zake wa mtaa wa Ng'ambo, na kila neno nimeliwekea jina la aliyelisema. Vitabu vingine gawaneni na binamu zako.

Shangazi yako ndiye aliyekulipia ada ulipokuwa sekondari, na hajawahi kulitaja mbele ya mtu. Ana kisukari, kwa hiyo mkate wake upunguze sukari na uzidishe iliki. Mpikie mwenyewe, nyumbani kwake, na vyombo uoshe wewe.

Bibi yako