Sahihi ya Mfawidhi

Mimi ni muuguzi, mzaliwa wa Kamsamba, wilayani Momba. Nawaandikia wadogo zangu waliomaliza chuo na sasa wanajitolea vituoni wakisubiri ajira, maana nami nilipita huko huko.

Anayejitolea hana mkataba. Ana posho, ikipatikana, na ana tumaini la barua ya kuonyesha kwamba kazi anaijua, siku nafasi zikitangazwa. Kwenye kituo nilichokuwa, mbali na kwetu (jina naliacha), mfawidhi ndiye aliyesaini barua, ndiye aliyepanga zamu, ndiye aliyegawa vyumba vya kulala. Ratiba aliiandika kwa penseli. Ukimkasirisha Jumatatu, Jumanne unakuta umehamishiwa usiku wiki nzima, na ukiuliza anakuonyesha karatasi: si ndivyo ilivyoandikwa?

Alianza na utani, zikafuata meseji za saa tano usiku. "Sista, barua yako ipo tayari, umebaki wewe tu." Nikimjibu kwamba nitaifuata ofisini asubuhi, kimya. Asubuhi barua haijachapwa. Dada mmoja wa zamu alinishauri nimwite "baba" mbele za watu ili aone haya. Nilimwita. Haya hakuona.

Aliyenifumbua macho ni shangazi yangu, mkulima wa mpunga huku bondeni kando ya mto Momba, asiyejua lolote la hospitali. Alinisikiliza kwenye simu mpaka mwisho, kisha akauliza, "Sasa mwanangu, huyo si anakudai rushwa?" Mimi rushwa niliyoijua ni ya hela. Yeye alikuwa amesikia redioni.

Na alikuwa sahihi. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inamgusa mwenye mamlaka yeyote anayedai ngono ili atoe ajira, cheo, haki au upendeleo: faini isiyozidi shilingi 5,000,000, kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Soma vizuri neno "anayedai". Si lazima uwe umekubali, wala si lazima akuguse.

Nikapiga 113, namba ya bure ya TAKUKURU. Nilijiandaa kuulizwa nilikuwa navaaje kazini. Nikaulizwa kama meseji ninazo. Nikaambiwa nisifute hata moja, nisimtukane, na pale kituoni nisimwambie mtu. Yaliyofuata yalikwenda polepole na sitayapamba. Wapo wauguzi walioacha kula meza moja na mimi. Mwisho wake mfawidhi alihamishwa. Mpaka leo sijaridhika, maana huko alikopelekwa nako wapo mabinti wanaojitolea.

Lakini kituo kilibadilika, na kilichokibadilisha si semina. Mfawidhi aliyekuja, mwanaume pia, aliitoa ratiba mikononi mwake akawakabidhi watu watatu. Ikaandikwa kwa wino, ikabandikwa ukutani, na zamu ikibadilishwa sharti asaini anayebadilishiwa. Barua za wanaojitolea zikawa zinatoka siku moja, za wote. Mgonjwa wa kike akipimwa na daktari wa kiume, muuguzi anakuwepo chumbani; hilo limewalinda hata madaktari wenyewe. Watu husema msichana awe jasiri. Ujasiri ninao wa kawaida tu. Kilichonipumzisha ni kuona kwamba hakuna tena mtu mmoja anayeshika zamu yangu, kitanda changu na kesho yangu.

Baadaye nilisoma habari za ripoti ya Septemba 2021 kuhusu unyanyasaji wa kingono uliofanywa na waliokwenda kupambana na Ebola mashariki mwa Kongo. Tume huru, ambayo mmoja wa wenyeviti wake wawili ni Julienne Lusenge, mtetezi wa wanawake wa huko huko, iliwatambua watuhumiwa 83. Kati yao 21 walikuwa wameajiriwa na Shirika la Afya Duniani. Wanawake waliahidiwa kazi, au walitishiwa kunyang'anywa waliyokuwa nayo. Shirika kubwa namna ile, lenye fedha zile, na ajira iko mfukoni mwa mtu mmoja mmoja.

Siku hizi mabinti wananipigia, wengine wa mikoa ya mbali. Naanza kwa kuuliza meseji. Wa juzi alikuwa amezifuta zote kwa aibu, kwa hiyo nimemwambia aanze na ratiba: apige picha kila inapobadilishwa, na aandike tarehe.