Mzawa wa Lugha na Mwalimu wa Lugha

Mwaka wa 1961, wataalamu wa Jumuiya ya Madola walikutana Makerere, Uganda, kujadili ufundishaji wa Kiingereza kama lugha ya pili. Miongoni mwa itikadi zilizotia mizizi baada ya mkutano huo ni ile isemayo kwamba mwalimu bora wa Kiingereza ni mzawa wa lugha hiyo. Robert Phillipson aliipinga vikali katika kitabu chake cha mwaka wa 1992, Linguistic Imperialism. Hata hivyo, itikadi yenyewe haijafa.

Katika Kitui na Makueni, Kiingereza hufundishwa aghalabu na walimu ambao lugha yao ya kwanza ni Kikamba. Wenzao wa Kiswahili ni vivyo hivyo. Hapo ndipo swali la Makerere linapomgeukia mwanafunzi wa Kiswahili. Ikiwa Kiingereza ni cha London, je, Kiswahili nacho ni cha Lamu na Mombasa pekee? Mwalimu mtarajiwa atokaye Mwingi au Wote, anayechekwa kwa lafudhi yake, atafundisha kwa idhini ya nani?

Yamkini jibu limo katika kosa la mtoto. Kikamba hakina sauti /r/. Kwa hiyo mtoto huenda akaandika "lafiki" badala ya "rafiki". Mzawa wa pwani hulisikia kosa hilo, ilhali mwalimu Mkamba hujua lilikotoka, kwani njia hiyo aliipita mwenyewe. Aidha, anapofundisha ngeli, huanzia nyumbani: mũndũ na andũ, kĩndũ na syĩndũ, ndipo amfikishe mwanafunzi kwenye mtu na watu, kitu na vitu.

Hii si kusema kwamba uzawa hauna thamani. Mzawa anayo hisi ya nahau, mizaha na mahadhi ya lugha yake, ambayo asiye mzawa hana budi kuitafuta kwa kusoma na kusikiliza maisha yake yote. Lafudhi haimwondolei mtu ualimu; kuacha kujifunza ndiko kumwondoleako. Kyallo Wadi Wamitila, mwana wa Ukambani, aliandika Kamusi ya Fasihi (2003), na wazawa kwa wasio wazawa huirejelea. Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mgeni huyo sharti aje na dawa mkononi.