Vitwitwi wa Utqiaġvik

Barabara ya kufika Utqiaġvik haipo. Kutoka Anchorage tulipanda ndege. Mji huu wa Wainyupiati, wenyeji wa asili wa huko, ulioitwa Barrow hadi 2016, uko karibu na ncha ya kaskazini ya Alaska, nyuzi 71 kaskazini mwa ikweta. Nilishuka mapema Juni nimevaa kila nilichonacho, na bado upepo ulinipenya. Mti hakuna hata mmoja. Bahari, ambayo mimi mtu wa Tanga naijua kwa mawimbi, imeganda! Saa sita usiku nilifungua pazia: jua linawaka, watoto wanaendesha baiskeli.

Asubuhi tuliingia mbugani. Watafiti wawili walikokota kamba ndefu juu ya majani, na ndege anayeatamia akishtuka na kuruka, kiota kinajulikana. Kitwitwi wa kwanza aliruka karibu na buti langu. Hafiki hata gramu 40, na ametoka Amerika ya Kusini kuja kutaga mayai 4 kwenye kishimo cha nyasi.

Kisha mtafiti akatumbukiza yai katika kikombe cha maji. Nikacheka: mama yangu hufanya vivyo hivyo jikoni, na linaloelea hulitupa. Huku linaloelea ndilo linalokaribia kuanguliwa; lililotagwa jana hulala chini. Hivyo huhesabu kurudi nyuma hadi siku ya kutagwa, kisha yai hurudishwa kiotani.

Tarehe ina uzito wake. Juni ilipoelekea ukingoni, wadudu mfano wa mbu walitoka kwa mawingu. Nilijikunyata nikingoja kuumwa, hawaumi. Ni chakula cha vifaranga, ambao saa chache tu baada ya kuanguliwa hujitafutia wenyewe. Siku hizi joto huyeyusha theluji mapema, na wadudu huwahi. Ndege nao huwahisha kutaga, lakini safari yao ni ndefu. Wakichelewa, vifaranga hukuta karamu imekwisha.

Jioni, kama huko kuna jioni, watafiti walinisimulia habari za Taimyr, Urusi, anakozaliana kitwitwi wa aina nyingine, mkubwa kuliko hawa. Kwa miaka 33, theluji ya huko ilizidi kuyeyuka mapema, kwa wastani wa nusu siku kila mwaka. Vifaranga wakakua wadogo, wenye midomo mifupi. Walipofika Banc d'Arguin, Mauritania, kukwepa baridi, kome walikuwa chini mno mchangani, midomo yao haikuwafikia. Wakala mizizi ya nyasi za bahari, na wengi wao hawakuuona mwaka wa pili.