Safari ya redio ya babu kutoka Arash

Anayetoka Arash kutafuta fundi redio Karatu hapangi kurudi siku hiyohiyo. Arash ni kata ya wafugaji wa Kimaasai katika tarafa ya Loliondo, wilayani Ngorongoro, mashariki ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Njia ya kusini hukata tambarare za majani mafupi, hupanda hadi ukingo wa kreta ya Ngorongoro, kisha hushuka kwenye lango la Lodoare. Hapo ndipo lami inapoanza, na Karatu haiko mbali tena.

Wakati wa kiangazi vumbi la njia hiyo halina adabu. Sehemu yake ni majivu ya volkano, laini kama unga. Huingia puani, kwenye mizigo iliyofungwa vizuri, na ndani ya redio. Ndiyo maana fundi akishafungua skrubu, kazi yake ya kwanza huwa ni brashi.

Chukulia redio inayobebwa safari hii ni redio kaseti ya Kijapani, ya enzi za ujana wa babu. Imenyamaza, na mjukuu haoni sababu ya kuihangaikia.

"Babu, si tununue mpya tu? Siku hizi ni bei rahisi."

"Hiyo mpya itaimba nyimbo zote, mjukuu wangu, ila haitaimba ya koko yako."

Koko, yaani bibi, ameshafariki. Sauti yake imebaki kwenye kaseti moja. Hapo ndipo ulipo uzito wa safari, na mzazi anayempeleka mtoto na redio kwa fundi inafaa ajue mambo machache kabla ya kufika.

Kwanza, redio hizi hazikufika nchini kwa bahati. Kampuni ya Matsushita ya Japani iliweka kiwanda Dar es Salaam mwaka 1966, na nembo yake ya National ikajulikana hadi vijijini kwa redio na betri. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilikusanya watu wazima wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio na kujifunza usafi na kinga ya magonjwa. Miaka ya 1980, familia za Japani zilipokuwa zikinunua kompyuta ndogo za kuunganishwa kwenye televisheni, Tanzania Bara haikuwa hata na kituo cha televisheni. Tangu 1974 serikali ilikuwa imezuia kuingiza kompyuta na televisheni, na matangazo ya televisheni Bara yalianza 1994. Kwa hiyo mashine ya nyumbani, ya habari, masomo na nyimbo, ilikuwa redio.

Tatizo ni kwamba dunia ya redio imehama. Nyingi za enzi hizo zilitengenezwa kwa ajili ya masafa ya kati na masafa mafupi, wakati stesheni nyingi za leo, ikiwemo redio jamii ya Loliondo FM, ziko kwenye FM. Dawa ya mafundi ni kibao kidogo chenye FM, tundu la flashi na la memori kadi. Huunganishwa na kikuza sauti cha zamani, na spika ileile kubwa hutoa sauti nzito ambayo redio nyingi mpya za bei ndogo hazina.

Jambo la pili ni umeme. Boma lililo mbali na nguzo hutegemea paneli ya sola na betri ya volti 12. Redio inayotumia betri kubwa 4 za tochi inataka volti 6. Inayotumia 6 inataka volti 9. Ukiiunganisha moja kwa moja kwenye betri ya sola unaweza kuiunguza. Fundi huweka kifaa cha kupunguza umeme kati ya betri na redio, na fyuzi kwenye waya wa chanya, karibu na betri. Vibao vya flashi navyo havilingani: vingine ni vya volti 5, vingine 12. Namba husomwa kabla ya kuchomelea.

Kuna mtego mwingine kwenye tundu la umeme. Redio nyingi za zamani za Kijapani zina hasi katikati na chanya pembeni, kinyume cha adapta nyingi za sasa. Mchoro mdogo karibu na tundu ndio unaoonyesha, na mtoto anayejua kusoma alama za kujumlisha na kutoa anaweza kuutafuta mwenyewe.

Aliyenunua redio ya mtumba iliyotengenezwa kwa soko la Japani ana kazi zaidi. Umeme wa majumbani kule ni volti 100, wa kwetu 230, hivyo akiichomeka ukutani bila transfoma itaungua. FM ya kule kwa miaka mingi iliishia 90, wakati ya kwetu inafika 108. Wenye magari kutoka Japani wanaijua adha hiyo.

Lakini kubwa kuliko yote ni kaseti. Ili kupata nafasi ya kibao, fundi mara nyingi hung'oa mtambo wa kaseti na kukata mlango wake. Ni njia rahisi, na redio itapendeza. Ila baada ya hapo sauti ya koko haina pa kuchezea.

Kwa hiyo mpango ugeuzwe. Fundi abadilishe kwanza mkanda wa mpira unaozungusha kaseti, kwani uliolegea husababisha utepe kumezwa. Asafishe kichwa kwa pamba na spiriti. Kabla ya kuicheza, vile vipande 2 vya plastiki mgongoni mwa kaseti vivunjwe ili mtu asije akarekodi juu yake kwa bahati mbaya. Kisha waya utoke kwenye tundu la hedifoni uende kwenye kompyuta yenye sehemu ya kurekodi. Ikikosekana, simu iwekwe mbele ya spika usiku, mbuzi wakiwa wameshatulia zizini. Nakala ziwe zaidi ya moja: kwenye flashi, na kwenye simu ya ndugu anayeishi mbali.

Baada ya nakala kusikilizwa mwanzo hadi mwisho, ndipo familia iamue kama mtambo wa kaseti utolewe au kibao kiwekwe kwenye kisanduku cha pembeni.

Na mtoto akae karibu na meza ya fundi, asitumwe dukani muda wote. Aonyeshwe waya wa chanya na wa hasi, aone fyuzi inavyokatika ili redio ipone, aambiwe kwa nini maji ya betri hayaguswi. Kesho yake njia ni ileile: Lodoare, ukingo wa kreta, vumbi la tambarare. Safari hii redio imefungwa ndani ya shuka, na flashi iko mfukoni mwa mjukuu. Jioni, huko Arash, yeye ndiye atakayeichomeka, babu akisikiliza.